Fantasia na riwaya za kihistoria: Waswahili wa Flemingsberg wanasoma nini?



Kuna swali nimeulizwa mara tatu hapa Flemingsberg, na mara zote tatu na mtu ambaye hajafika miaka ishirini: "Kwani Kiswahili hakina fantasia?" Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nikatoa mhadhara. Mara ya tatu nikanyamaza, manake nilikwishaona mhadhara ule ulifanya kazi gani. Haukufanya kitu. Kwa hiyo leo nataka kueleza wapenzi wa hadithi za namna hii wanasoma nini huku kwetu, na kwa nini vitabu vyetu wenyewe wanavipita rafuni ilhali ndivyo hasa wanavyovitafuta.

Kwa wasiopajua: Flemingsberg iko kusini ya Stockholm, dakika kama ishirini kwa treni. Kuna hospitali kubwa ya Huddinge, kuna chuo cha Södertörn, na kuna yale majengo marefu ya rangi rangi ya Grantorp. Waswahili wa hapa ni wa aina nyingi. Wapo Wakenya na Watanzania waliofuata masomo au kazi ya hospitali, wapo Wazanzibari wachache, na zipo familia za Uvira, Bukavu na Bujumbura zilizofika kwa njia ya ukimbizi. Sisi tunaoazimana vitabu hatuzidi kumi. Si utafiti huu, msije mkaunukuu.

Tuanze na vijana. Wanasoma wanachosoma vijana wa Sweden nzima. Wadogo wanaanza na Astrid Lindgren, hasa Bröderna Lejonhjärta ya 1973, kile kitabu cha ndugu wawili wanaokutana tena katika nchi ya pili baada ya kufa. (Mama mmoja wa Kikongo aliniambia hakupenda mwanawe apewe kitabu cha kifo shuleni, halafu akakisoma mwenyewe usiku mmoja mpaka mwisho.) Wakikua kidogo wanaingia kwa Harry Potter, na wengine kwa Cirkeln, riwaya ya 2011 ya Sara Bergmark Elfgren na Mats Strandberg, ambamo wasichana wa mji mdogo wa Sweden wanagundua kwamba wao ni wachawi. Wasichana wakubwa wako kwa Sarah J. Maas na Rebecca Yarros: mazimwi, majeshi na mapenzi. Hapo sina la kusema. Nilijaribu kurasa arobaini nikarudisha.

Wanafunzi wa chuo wanasoma mengine. Kitabu kilichozunguka sana mikononi mwetu ni Babel cha R. F. Kuang, cha 2022. Wanabaraza mtakipenda, manake ni fantasia kuhusu kazi yetu wenyewe. Ni Oxford ya miaka ya 1830, na uchawi wake unatokana na tafsiri. Unachonga neno la lugha moja upande huu wa kipande cha fedha, na neno linalokaribiana nalo la lugha nyingine upande wa pili, na ile maana iliyopotea katikati ndiyo inayofanya kazi: inaendesha meli, inashikilia madaraja. Na Himaya ya Kiingereza inatajirika kwa lugha za watu wengine. Kijana mmoja wa Mombasa anayesomea hapa alikaa wiki nzima anatutafutia jozi zake za Kiswahili na Kiswidi. Alisema akichonga "pole" upande mmoja, upande wa pili hata aweke neno gani la Kiswidi, fedha ile itaunguza mkono kwa nguvu. Mswidi anaweza kukuomba radhi na anaweza kukusikitikia, lakini hana neno moja la kumwambia mtu aliyejikwaa mbele yake wakati yeye hakuhusika kabisa.

Kitabu cha pili kinachozunguka ni The Adventures of Amina al-Sirafi cha Shannon Chakraborty, cha 2023. Kinachanganya fantasia na historia. Amina ni nahodha mwanamke, haramia mstaafu, mama wa mtoto mmoja, katika Bahari ya Hindi ya karne ya 12. Anarudi baharini kwa kazi moja ya mwisho, na huko kuna majini. Aden imo, Sokotra imo, misimu ya pepo imo. Nilipokuta mwandishi ameliacha neno "nakhudha" vile vile ndani ya Kiingereza, nilijisikia kama nimeitwa jina langu barabarani. Na nikajiuliza, sasa mbona hadithi ya bahari yetu inanifikia kutoka Marekani?

Upande wa historia wasomaji ni watu wazima zaidi, na hapo ndipo palipo na kisa.

Dada mmoja mwenyeji wa Tabora, muuguzi, alipewa na mfanyakazi mwenzake wa Kiswidi riwaya ya Jan Guillou iitwayo Brobyggarna, ya 2011. Guillou ni mwandishi mkubwa sana huku. Riwaya zake za Arn, za enzi ya vita vya msalaba, ziko karibu kila nyumba. Hii Brobyggarna inawafuata ndugu watatu wa Kinorwe waliosomeshwa uhandisi Ujerumani, na mmoja wao, Oscar, anakwenda Afrika Mashariki ya Wajerumani kujenga reli. Reli ipi? Reli ya Kati, waungwana! Ile iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma 1914, ikipita Tabora kwa huyo dada. Alikisoma haraka sana, akaja nacho kwangu akasema, "Kaka, nimefurahi na nimekasirika." Nikamwelewa. Kitabu kinasomeka vizuri, Waafrika wamo, lakini mlango wa kuingilia ndani ya hadithi ni wa mhandisi. Tunaiona nchi yetu kutoka pale aliposimama yeye.

Nikampa Afterlives ya Abdulrazak Gurnah, ya 2020. Nchi ni ile ile na Wajerumani ni wale wale, ila humu unaingia na Hamza, kijana aliyejiandikisha uaskari wa Kijerumani mwenyewe, na Afiya, binti aliyefundishwa kusoma na kuandika akaadhibiwa kwa hilo. Mwisho sisemi. Dada alikaa nacho mwezi mzima, naye ni msomaji wa haraka. Alipokirudisha alisema hakuna aliyekuwa shujaa mle, na ndiyo maana aliwatambua wote.

Sote tunakumbuka tarehe 7 Oktoba 2021, siku Chuo cha Kiswidi kilipotangaza pale Gamla Stan kwamba Nobel ya fasihi ni ya Gurnah. Huku Sweden wengi walikuwa hawamjui. Mchapishaji mdogo tu, Celanders, ndiye aliyekuwa amekwishatoa vitabu vyake viwili kwa Kiswidi. Na kwa Kiswahili? Hakuna hata kimoja. Mwaka 2022 ndipo Mkuki na Nyota walipotoa Peponi, tafsiri ya Paradise ya 1994 iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, Mzanzibari anayefundisha SOAS kule London, ambaye kabla ya hapo alikwisha kututafsiria Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu.

Nawaambieni, someni Peponi hata kama mmeisoma Paradise. Yusuf anachukuliwa kwa deni la baba yake, anapelekwa kwa tajiri anayemwita ami, anasafiri bara na msafara. Ni riwaya ya kihistoria, ndiyo. Lakini sikilizeni wanachozungumza wale watu jioni: Yajuju na Majuju, ukuta wa mwisho wa dunia, bustani ya peponi. Kwao hiyo si fantasia, ni habari za nchi za mbali. Kwa Kiingereza nilizisoma kama pambo. Kwa Kiswahili nilimsikia babu yangu.

Hapo ndipo ninapotaka kufika. Mpaka kati ya fantasia na historia, ambao maduka ya vitabu ya huku yameuchora kwa rafu mbili, kwetu haukuchorwa hivyo. Utenzi wa Fumo Liyongo, kama ulivyoandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, una mtu wa kihistoria ambaye silaha haimwingii, mpaka mwanawe mwenyewe anapomchoma kitovuni kwa sindano ya shaba. Ebrahim Hussein katika Kinjeketile (1969) aliandika vita halisi vya 1905 ambamo watu walikwenda vitani kwa kuamini maji. Ukimwomba mwenye duka la Stockholm apange vitabu hivi viwili, atavipeleka rafu gani?

Na fantasia yenyewe, ile ya dunia iliyobuniwa, tunayo tele. Kusadikika ya Shaaban Robert, 1951, ni nchi inayoelea angani! Ina wajumbe wanaotumwa pande sita, kwa sababu nchi inayoelea ina juu na chini pia. Adili na Nduguze, 1952, inaanza na liwali ambaye kila usiku anawachapa manyani wawili huku akilia. Walenisi ya Katama Mkangi, 1995, inampeleka mtu aliyehukumiwa kifo mpaka dunia nyingine kwa chombo cha angani. Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, 2001, jina linajieleza. Bina-Adamu! ya Wamitila, 2002, ni safari ya ndotoni kuizunguka dunia.

Sasa jiulizeni tulivipokeaje. Sisi hapa, wasomi, mimi wa kwanza. Tuliviita "istiari", tukaviita "riwaya ya kimajaribio", tukavitungia maswali. Jadili dhamira. Onyesha jinsi mwandishi anavyokosoa ukoloni. Ni kweli Shaaban alikuwa anakosoa, sikatai. Lakini nchi ile bado inaelea, na hatukumwachia mtoto hata dakika moja ya kushangaa kwamba inaelea.

Ushahidi ninao, na ni dhidi yangu. Yule binti aliyeuliza mara ya pili yuko darasa la nane, kwao ni Uvira, amesoma Harry Potter yote kwa Kiswidi. Nilimpa Kusadikika na maelezo ya nusu saa: gavana, bunge, sheria, mwaka 1951. Baada ya wiki mbili akanirudishia. "Tonton, hii Kiswahili iko nguvu sana. Na ni kitabu ya mtihani, si ndiyo?" Nilishikwa na aibu. Kiswahili cha Shaaban ni kigumu kwake kweli. Cha kwao ni cha Kivu, na hakuna aliyewahi kumpa hadithi iliyochapishwa kwa lugha ya mama yake kama anavyoizungumza. Hilo siwezi kulitatua kwa kumwazima kitabu. Lakini hilo la mtihani ni langu mimi.

Safari iliyofuata sikueleza kitu. Tulikuwa tunasubiri treni iliyochelewa, baridi kali, nikamsomea Adili kwa sauti, nikibadilisha maneno magumu njiani bila kuomba ruhusa ya marehemu. Mgeni wa mfalme, chakula kimeandaliwa, kisha usiku wa manane kiboko kinatolewa na manyani wanaletwa. Nikafunga kitabu. "Sasa ile manyani ni watu?" Nikamwambia, mwanangu, mimi sijui, kitabu hiki hapa. Hajamaliza. Anakwenda kurasa mbili tatu kwa wiki, na mama yake anamsaidia, naye mama huyo ameanza kugombana na Hasidi na Mwivu kana kwamba ni majirani.

Kwa upande wa historia kazi ni nyepesi zaidi. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, 1999, inakwenda yenyewe, hasa baada ya filamu ya Amil Shivji ya 2021. Vijana wanaitazama kwanza kisha wanamtafuta Yasmin kitabuni. Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka ya Aniceti Kitereza ni ya wenye subira: aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, akaifasiri mwenyewe, ikachapishwa 1980, naye akafariki 1981. Ni Ukerewe ya kabla ya Mzungu, yenye uvuvi, pombe, ugumba na mapenzi ya mume na mke. Uhuru wa Watumwa ya James Mbotela, 1934, mimi huitoa pamoja na onyo, kwa jinsi inavyowasifu Waingereza, lakini ni kitabu cha mtu aliyezaliwa na watu wa Freretown na sauti ile huipati kwingine.

Kuhusu kuvipata: vya Mkuki na Nyota huagizwa kupitia African Books Collective ya Oxford. Maktaba ya Taasisi ya Nordiki ya Afrika iko Uppsala, na maktaba ya mtaani kwako inaweza kukuombea kitabu kwenye maktaba nyingine. Sheria ya maktaba ya Sweden inazitaka maktaba kuwajali pia wenye lugha ya mama nyingine, kwa hiyo ombeni, msione haya. Maktaba isipoulizwa haitanunua.

Kimoja kimenishinda. Dada wa Tabora, baada ya Gurnah, anamtaka Mirambo. Nimemwambia kuhusu Kwaheri Iselamagazi ya Bernard Mapalala, ya 1992, na sasa kila tukikutana ananiuliza. Mwenye nakala ya pili aniandikie. Posta nalipa mimi.

Wasalaam.