Kabla ya Kununua Adapta ya Waifai, Soma Pakiti

Laptopu ya mitumba inaweza kuwa nzima kila mahali lakini ikashindwa kunasa waifai. Mara nyingi kilichokufa ni adapta, kifaa cha ndani kinachowasiliana na rauta kwa mawimbi ya redio. Laptopu haihitaji kutupwa. Adapta ya nje, ndogo kama kidole gumba, huchomekwa kwenye tundu la USB na kazi ikaendelea. Kwa mwanafunzi wa Kakuma anayetuma maombi ya chuo kupitia KUCCPS, au mkazi anayetafuta huduma za eCitizen, kifaa hicho kinaweza kumwepushia safari ya takriban kilomita 120 hadi Lodwar.

Wengi hupotoshwa na nambari kubwa kwenye pakiti. Mnunuzi akiona Mbps 300 hudhani anauziwa kasi ya intaneti. Sivyo. Hiyo ni kasi ya juu kabisa kati ya adapta na rauta, tena katika mazingira bora. Iwapo intaneti inayoingia kwenye rauta ni megabiti 10 kwa sekunde, adapta haitaongeza hata moja. Tena biti si baiti: baiti moja ni biti 8, hivyo faili ya megabaiti 50 itachukua sekunde 40 kwa kasi hiyo, mambo yakienda vizuri.

La kuangalia kwanza ni masafa. Waifai hutumia zaidi masafa ya GHz 2.4 na GHz 5. Ya 2.4 hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi. Ya 5 yana kasi lakini hudhoofika mapema. Adapta nyingi za bei ya chini hunasa 2.4 pekee. Rauta ikiwa inarusha 5 tu, jina la mtandao halitaonekana kabisa kwenye orodha, na mnunuzi atarudi dukani akidai ameuziwa kitu kibovu.

Herufi zinazofuata 802.11, yaani n, ac na ax, ni vizazi vya teknolojia hiyo, ambavyo pia huitwa Wi-Fi 4, 5 na 6. Kizazi kipya huelewana na cha zamani, ila kwa mwendo wa kile cha zamani.

Kuta za mabati ni kikwazo kuliko za udongo, kwa sababu chuma hurudisha mawimbi nyuma. Katika nyumba ya mabati pande zote, waifai inaweza kupotea hata rauta ikiwa hatua chache nje. Waya wa kurefusha USB, wa mita moja tu, unaowezesha adapta kukaa dirishani, mara nyingi husaidia kuliko kununua adapta ya bei maradufu.

Muulize muuzaji kuhusu draiva, programu inayoiwezesha laptopu kuitambua adapta. Baadhi hupakuliwa mtandaoni, jambo la ajabu kwa mtu anayenunua adapta kwa sababu hana mtandao. Simu ikiunganishwa kwa waya wa USB inaweza kuikopesha laptopu intaneti kwa kazi hiyo.

Hatimaye, hakikisha pakiti inataja WPA2 au WPA3, mifumo ya kulinda nenosiri na data. WEP ni ya zamani na huvunjwa kwa urahisi. Ikiwezekana, beba laptopu dukani na ujaribu adapta kabla ya kulipa.