Maonyesho ya Noeli: kikundi kijue nini kabla ya kupokea oda?



Katika miji mingi ya Ulaya na Marekani, nyumba za sanaa hufanya maonyesho ya pekee mwisho wa mwaka. Huko huuzwa vitu vidogo vilivyotengenezwa kwa mkono: mapambo ya mti wa Noeli, hereni, bangili, vikapu na zawadi nyingine. Vikundi vya jamaa zilizohama makwao hutuuliza mara kwa mara: je, kazi yetu inaweza kufika huko? Inaweza, lakini kuna mambo ya kufahamu kwanza.

Jambo hili lilianza lini?

Mwaka 1946 Edna Ruth Byler, Mmarekani wa kanisa la Mennonite, alitembelea Puerto Rico akakuta wanawake hodari wa kudarizi wasio na wanunuzi. Alibeba vitambaa vyao akaviuza kwa marafiki na majirani. Kutokana na kazi hiyo yalizaliwa maduka ya Ten Thousand Villages. Mwaka 1949 kanisa la Brethren lilianzisha SERRV, iliyouza Marekani saa za mbao zilizotengenezwa na wakimbizi wa vita huko Ujerumani. Mwaka 2018 UNHCR ilizindua MADE51, mpango wa kuwaunganisha mafundi wakimbizi na wanunuzi. Wakimbizi wa Burundi waliokuwa Tanzania na Rwanda waliuza vikapu kwa njia hiyo.

Basi, kukimbia vita hakumwondolei mtu ufundi wake. Lakini mnunuzi akikuhurumia atanunua mara moja tu. Kitu kikiwa kizuri na imara, atarudi.

Pesa hugawanywaje?

Kuna njia mbili. Ya kwanza, nyumba ya sanaa inanunua vitu moja kwa moja. Ya pili ni mali kauli: mnapeleka vitu, mnalipwa baada ya kuuzwa, na mara nyingi nyumba hubaki na asilimia 40 hadi 50 ya bei.

Tuchukue mfano. Hereni zimeuzwa dola 20, nyumba ikabaki na dola 10. Katika dola 10 zenu mtatoa usafiri, shanga na waya. Kinachosalia ndicho mshahara wa fundi. Na visipouzwa, nani atalipa gharama ya kuvirudisha? Kwa kikundi kilicho mbali, mali kauli ni hatari.

Wanaofuata kanuni za Shirika la Dunia la Biashara ya Haki (WFTO) hutakiwa kutoa malipo ya mwanzo ya angalau asilimia 50, bila riba, kwa kazi za mikono, fundi akiomba. Msione haya kuomba.

Maswali ya kuuliza kabla ya kukubali

1. Bei ya kila kimoja ni ngapi, na malipo ya mwanzo ni kiasi gani?
2. Vitu vinatakiwa lini? Pambo la Noeli likifika mwezi wa kwanza halina mnunuzi. Mzigo wa Kivu hupita barabara ndefu hadi Mombasa au Dar es Salaam, kisha baharini. Anayeanza mwezi wa 10 amechelewa.
3. Nani analipa usafiri na hasara ya vilivyovunjika?
4. Vitu vimetengenezwa kwa nini? Pembe za ndovu na magamba ya kasa zimekatazwa na mkataba wa CITES, nazo hukamatwa mpakani. Tumieni mbao, ukindu, shanga au kitenge.

Na amani?

Tumeona oda moja ikiwagombanisha watu waliokuwa wakila pamoja. Sababu haikuwa wizi kila mara. Mara nyingi ni kwamba hesabu ilikaa kichwani mwa mtu mmoja. Kwa hiyo tunawashauri viongozi: daftari lisomwe mbele ya wote, kila fundi alipwe kwa idadi ya vitu vyake vilivyokubaliwa, na pesa zishikwe na watu watatu, mmoja wao akiwa mwenyeji wa mahali. Wenyeji waliowapokea nao wapewe nafasi ya kusuka na kushona. Wakiachwa nje, oda itazaa wivu.

Kama kikundi chenu kimepata barua ya oda, msitie sahihi haraka. Isomeni pamoja, swali kwa swali, na asiyejua kusoma asomewe.