Je, Wajua? Protini Inayodandia Kirusi

Chukua sentensi hii: Kaka akapika kuku. Sasa badili kila k iwe t. Unapata: Tata atapita tutu. Kwa mbali bado ina sura ya Kiswahili, lakini hakuna tena mpishi wala kitoweo. Hivyo ndivyo protini moja iliyomo ndani ya seli zako za damu inavyojaribu kuvifanyia virusi vya UKIMWI (VVU). Inaitwa APOBEC3G. Jina linafanana na namba ya gari, kwa hiyo hapa tuiite A3G.

Habari zake zilianzia kwenye kitendawili cha maabara. Watafiti walikuwa na seli za koo mbili ndugu, CEM na CEM-SS. VVU vilivyonyang'anywa jeni iitwayo vif vilistawi ndani ya CEM-SS, ila vikizaliwa ndani ya CEM vilitoka butu, haviambukizi. Je, CEM-SS ina kitu kinachovisaidia virusi, au CEM ina kitu kinachovizuia? Mwaka 1998 seli za aina inayovikubali virusi hivyo na za aina inayovikataa ziliunganishwa, na chotara akakataa. Basi mzuiaji yupo. Mwaka 2002 Ann Sheehy na wenzake, katika maabara ya Michael Malim, wakasaka jeni inayofanya kazi ndani ya CEM lakini imelala ndani ya CEM-SS. Walipoipata, ndiyo jeni ya A3G, wakaipandikiza kwenye CEM-SS, na seli zile zilizokuwa karimu zikageuka kuwa ngumu.

Ninachokipenda kwa A3G ni kwamba haipigani mlangoni. Virusi vipya vinapofungashwa ndani ya seli, yenyewe inadandia, molekuli chache tu kwa kila kirusi, na kusafiri navyo kimyakimya. Kirusi kinapoingia seli ya pili, kinaanza kunakili RNA yake kuwa DNA. Uzi wa kwanza wa DNA ukiwa bado uchi, haujapata mwenzake, abiria yule anaushukia na kugeuza C kuwa U, herufi ambayo katika DNA haina mahali. Uzi wa pili unaandikwa kwa kuufuata ule wa kwanza, kwa hiyo palipostahili G panawekwa A.

Tazama herufi tatu tu: TGG. Hizo zinaagiza kiungo cha protini kiitwacho triptofani. A3G hupenda kushambulia mahali penye C mbili zinazofuatana, yaani mkabala wa GG, na TGG ikageuka TAG. Katika lugha ya jeni, TAG maana yake ni "simama". Kiwanda cha protini kikifika hapo kinaacha kazi katikati. Zirudie alama hizo sehemu nyingi katika maandishi ya kirusi, yenye herufi 9,700 hivi, na kirusi hicho hakizai tena. Ukichunguza DNA ya VVU iliyojificha ndani ya seli za mtu anayetumia dawa za ARV, utakuta nyingi ni mbovu, na baadhi zina makovu haya haya ya G kuwa A.

Mbona basi VVU vinaua? Kwa sababu ya Vif, protini inayotengenezwa na ile jeni vif. Vif inaikamata A3G na kuwaita wafagiaji wa seli yenyewe, wanaoibandika alama ya takataka. A3G inasagwa kabla haijadandia. Ni sawa na mwizi anayemtuma mfagiaji wako akutoe nje ya nyumba yako.

Lakini mshiko wa Vif ni wa kuchagua. A3G ya binadamu ni mnyororo wa viungo 384. Kiungo cha 128 kwetu ni asidi aspatiki. Kwa tumbili, hao hao wanaotuibia mahindi shambani, ni lisini. Tofauti hiyo moja inatosha: Vif ya VVU haiwezi kuikamata A3G ya tumbili, na Vif ya kirusi cha tumbili haiwezi kuikamata yetu. Tumbili wana kirusi chao, jamaa wa VVU, na kwa kawaida hakiwaumizi. Sokwe mtu, ambaye kutoka kwake kule kusini mashariki mwa Kameruni vilitoka VVU vilivyoenea duniani, ana aspatiki pale pale pa 128 kama sisi. Sidai kwamba hilo peke yake lilifungua njia. Lakini kufuli hilo la kiungo cha 128 halikuwapo.

Wanasayansi wamekuwa wakitafuta dawa ya kuifunga Vif mikono ili A3G ifanye kazi yake. Mpaka sasa hakuna iliyoidhinishwa. ARV zinazotolewa kliniki zinavibana virusi kwingine kabisa, kwa mfano kwenye kimeng'enya kinachonakili RNA kuwa DNA. Aliyeandikiwa azimeze kila siku bila kuruka; A3G peke yake haiiwezi Vif.