Treni ya Athens: Tuulize Inasimama Wapi

Barazani kwetu, habari za treni zikiguswa tu, hakosi mmoja wa kukumbusha kwamba treni ya Nairobi mwisho wake ni Miritini, na kutoka hapo mpaka mjini ni safari nyingine. Mwingine naye hudakia: "Wenzetu Ulaya wana treni ya chini ya ardhi, bandarini mpaka uwanja wa ndege." Ni kweli wanayo. Leo natazama moja, ya Athens huko Ugiriki, kwa sababu ina funzo ambalo twalipita bila kuliona.

Athens ina bandari kubwa iitwayo Piraeus, ambako watu hupanda meli kwenda visiwani, Crete na kwengineko. Uwanja wa ndege uko upande wa pili kabisa wa mji. Kinachoviunganisha ni njia ya tatu ya reli ya mji, ile ya rangi ya buluu. Hupita chini ya ardhi kutoka bandarini, ikakata katikati ya mji, kisha karibu na mwisho ikatokeza juu na kuendelea hadi uwanjani. Safari nzima ni kama dakika 55, bila kubadilisha treni.

Lakini haikujengwa kwa siku moja. Kipande cha kwanza kilifunguliwa mwaka 2000. Uwanja wa ndege ulifikiwa 2004, mwaka wa Olimpiki. Bandari ikangoja mpaka Oktoba 2022, miaka 18 baadaye. Si kwamba Piraeus haikuwa na treni. Ilikuwa na reli ya zamani ya kwenda mjini tangu 1869, ila msafiri wa uwanja wa ndege alilazimika kushuka njiani na mabegi yake apande nyengine.

Kipande hicho cha mwisho ni kilomita 7.5 tu, na kazi ilianza 2012. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kuchimba karibu na bahari ni kupambana na maji, na Athens ukichimba hukosi kukutana na mambo ya kale. Piraeus walikuta visima na mabirika ya maji ya watu wa zamani. Wataalamu wa mambo ya kale hupewa nafasi wafanye kazi yao kwanza, na baadhi ya vitu vilivyopatikana vimewekwa stesheni watu wavione.

Sasa funzo lenyewe. Treni zinazofika uwanja wa ndege hupita kila nusu saa na ushei. Zilizo nyingi huishia mjini. Tikiti ya uwanjani ni euro 9, ya mjini ni euro 1.20. Maana yake, reli hii haiishi kwa mtalii mwenye begi. Inaishi kwa wenyeji. Kabla ya kufika bandarini, kipande kile kipya kinasimama Agia Varvara, Korydallos, Nikaia na Maniatika, mitaa ya watu wa kazi. Nikaia ilianzishwa na wakimbizi waliotoka Asia Ndogo miaka ya 1920. Wajukuu wao leo hupanda treni mtaani kwao wakafika kazini, hospitali au chuoni, bila foleni ya magari.

Kwa hivyo, jamaa zangu, siku tukiletewa ramani ya reli ya mji wetu, iwe ya juu au ya chini, tusifurahie majina mawili ya mwanzo na mwisho. Tutie kidole katikati tuulize: Changamwe inasimama? Jomvu je? Mama mwenye kapu lake la kwenda Kongowea atapandia wapi, na nauli ataiweza? Isiposimama kwake, hiyo ni treni ya wapita njia. Sisi tutabakia kuisikia ikinguruma.