Kelmscott: Kijiji cha Mawe Kando ya Thames

Mto Thames unaopita chini ya madaraja ya London umekwisha kupokea maji ya mito mingi. Panda nao kuelekea magharibi, upite Oxford, nao utazidi kupungua upana mpaka Lechlade, ambako safari ya mashua kubwa hukomea. Kilomita chache kabla ya kufika Lechlade, kwenye ukingo wa kaskazini, ndani ya mkoa wa Oxfordshire, kipo Kelmscott. Ni kijiji kidogo chenye kanisa moja, baa moja na nyumba za mawe ya kijivu.

Ardhi ya pale ni tambarare, na kilichoamua watu wajenge wapi ni tofauti ndogo ya kimo. Nyumba zimekaa juu ya tabaka la changarawe ambalo mto wenyewe uliliacha zamani sana. Chini yake, upande wa maji, kuna malisho ambayo mto huyafunika majira ya baridi. Wakulima wa zamani hawakuyaona mafuriko hayo kuwa balaa tupu, kwani tope lake liliotesha nyasi nzuri za kukausha kwa ajili ya mifugo. Hata hivyo mto una siku zake. Mvua za Julai 2007 zilipoujaza Thames wa juu, bonde hili lilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyofurika.

Kwenye kingo imejipanga mierebi yenye shina nene na kichwa kilichojaa vijiti. Haikuota hivyo yenyewe. Kila baada ya miaka kadhaa mti hukatwa kwenye kimo ambacho ng'ombe hawezi kufikia machipukizi, na fito zinazoota hukatwa tena kwa ajili ya uzio na vikapu. Mwerebi unaotunzwa hivyo huishi muda mrefu na mizizi yake huushika ukingo usimomonyoke.

Kinachonivutia zaidi ni mawe. Kijiji kipo kwenye mpaka wa kusini wa nchi ya mawe ya chokaa, yale yaliyojenga vijiji vya vilima vya Cotswold. Baadhi ya mawe hayo hutoka ardhini yakiwa mabamba mapana, membamba, na watu wa Kelmscott waliyasimamisha wima, bamba kando ya bamba, wakapata uzio wa bustani usiohitaji saruji wala fito. Juu ya nyumba kuna vigae vya mawe pia. Huko Stonesfield, katika mkoa huohuo, mafundi walikuwa wakichimba jiwe lenye unyevu, wakaliacha nje majira ya baridi, na barafu ikawafanyia kazi ya kulipasua matabaka. Kila kigae kilitobolewa tundu na kuning'inizwa kwa kigingi cha mti. Upangaji huanzia chini kwenda juu, kila safu ikilalia iliyotangulia, kama fundi wa makuti anavyofanya. Vigae vikubwa hukaa chini, karibu na ukuta unaobeba uzito, ambako pia maji ya mvua ya paa zima hukusanyika. Vidogo hupanda hadi kileleni. Hesabu hiyo ya fundi ndiyo inayolipa paa la Kelmscott uzuri wake, na mtu aliyeieleza kwa mapenzi makubwa kuliko wote ni William Morris.

Morris, mshairi na mbunifu wa nakshi, alipanga nyumba kubwa ya kijiji hiki mwaka 1871, akishirikiana na mchoraji Dante Gabriel Rossetti. Huitwa Kelmscott Manor, kana kwamba ilikuwa ya bwana mkubwa, lakini ilijengwa karibu mwaka 1600 na ukoo wa Turner, wakulima wenye uwezo, nayo inaonyesha hivyo: ni nyumba ya shamba iliyokua kwa kuongezewa vyumba. Rossetti aliondoka mwaka 1874. Morris alibaki mpangaji hadi kufa kwake. Aliipenda kiasi cha kuipa nyumba yake ya London jina la kijiji, na mwaka 1880 alipanda mashua na familia yake kutoka nyumba moja hadi nyingine, kwa kuwa zote zilikuwa kando ya mto uleule.

Nakshi zake maarufu zina mizizi hapa. Ile ya majani ya mwerebi, ya mwaka 1887, ilitokana na miti ya vijito vya kijiji. Ile ya mwaka 1883, yenye ndege wanaoiba stroberi, ilianzia kwenye bustani ya nyumba, ambako ndege wenye vifua vya madoadoa walikuwa wakijipenyeza chini ya nyavu. Binti yake May alisimulia kwamba mtunza bustani alitaka kuwanyonga, baba yake akakataza wasiguswe.

Kwa maoni yangu, hata hivyo, deni letu kubwa kwa Morris liko kwenye majengo. Wakati wake makanisa ya kale ya Uingereza yalikuwa "yakirudishwa" katika hali ya awali: plasta ya karne nyingi ikikwanguliwa, viti vikitupwa, sehemu za baadaye zikibomolewa ili kubuni upya enzi moja iliyopendwa. Mwaka 1877 alianzisha chama cha kulinda majengo ya kale. Fundisho lake lilikuwa jepesi kulieleza na gumu kulifuata: ziba paa linalovuja, tegemeza ukuta unaoinama, zuia uchakavu kwa matunzo ya kila siku, na uache alama za kila kizazi mahali pake. Anayetaka kuona matokeo aende kanisa dogo la Inglesham, juu kidogo ya Lechlade, ambalo Morris alisaidia kuliokoa. Kuta zake bado zina michoro ya karne mbalimbali, tabaka juu ya tabaka.

Alifariki Oktoba 1896. Jeneza lililetwa kwa treni hadi Lechlade, kisha likabebwa kwa mkokoteni wa shamba uliopambwa matawi ya mwerebi. Kaburi lake katika uwanja wa kanisa la Kelmscott lina jiwe lenye umbo la paa, kazi ya rafiki yake, msanifu Philip Webb.

Kijiji hakikugandishwa baada ya hapo. Mjane wake, Jane, alijenga nyumba za wanakijiji mwaka 1902 kwa ramani ya Webb. May naye alijenga nyingine, kisha akapigania ukumbi wa kijiji, uliofunguliwa mwaka 1934 na mwandishi George Bernard Shaw. Majengo haya yote ni ya mawe ya pale pale, yana mtindo wake yenyewe, wala hayajifanyi kuwa ya mwaka 1600. Wanakijiji wanautumia ukumbi huo mpaka leo.