Kabla ya Kuilaumu Kompyuta, Kipime Kipimo

Programu inayosoma joto la kompyuta ikionyesha nyuzi 127, mteja hushtuka na fundi hushika bisibisi. Kwa mtu wa Kibiti, katika ukanda wa delta ya Rufiji, aliyenunua mashine ya mtumba Kariakoo bila udhamini wowote, namba hiyo inaweza kummalizia akiba: feni mpya, pesti mpya, pengine madabodi nzima. Lakini 127 ndiyo namba kubwa kuliko zote inayoingia katika nafasi ya biti 8 inayobeba hasi na chanya, na mara nyingi ikitokea peke yake bila kupanda wala kushuka, maana yake ni kwamba chipu inasoma mlango ambao mtengenezaji hakuufungia kihisi chochote. Hakuna kinachoungua. Prosesa za siku hizi hujipunguzia kasi zikikaribia nyuzi 100, na zikizidi hapo hujizima zenyewe. Ninachodai katika makala haya ni kwamba programu ya kupima nayo ni mashine inayoweza kuharibika au kukosea, na inastahili kuchunguzwa kabla haijaachiwa itoe hukumu juu ya mashine nyingine.

Ushahidi wa kwanza uko katika namna namba yenyewe inavyopatikana. Wengi hudhani ndani ya prosesa mna kipimajoto kinachosema moja kwa moja "nyuzi 62". Katika prosesa za Intel, kihisi hutoa umbali uliobaki kufika kikomo. Kikomo kikiwa 100 na kihisi kikisema 38, programu hutoa 38 katika 100 na kuandika 62. Programu ikikosea kikomo, kila namba baada ya hapo imekosewa kwa kiasi hichohicho. Enzi za prosesa za Core 2 jambo hili lilisumbua sana, kwa kuwa watunga programu walilazimika kukisia kikomo cha baadhi ya prosesa, na programu mbili zikawa zinatoa majibu mawili juu ya mashine ileile. AMD nao, walipotoa Ryzen 1700X na 1800X mwaka 2017, waliongeza nyuzi 20 kwa makusudi kwenye namba inayoongoza feni. Programu zisizojua siri hiyo ziliwaonyesha watu moto ambao haukuwepo. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya fundi ni ndogo mno: atazame toleo la programu lilitoka lini na prosesa ilitoka lini. Programu iliyotangulia prosesa haiwezi kuijua.

Kisha kuna kipimo ambacho Kibiti inacho bila gharama, nacho ni chumba chenyewe. Kompyuta inayopozwa kwa feni haiwezi kuwa baridi kuliko hewa inayoivuta. Mchana wa Januari au Februari, chumba kisicho na kiyoyozi katika ukanda huu huvuka nyuzi 30 kirahisi. Kompyuta iliyolala usiku kucha ikiwashwa asubuhi chumba kikiwa nyuzi 28, halafu programu iseme prosesa ina 17, hapo hakuna mjadala: programu ndiyo inayoumwa. Ikisema 34 au 36 dakika chache baada ya kuwashwa, tuna sababu ya kuiamini. Jambo hilohilo linatuonya tusinakili viwango vya joto vinavyotajwa na watu wanaojaribu mashine zao katika vyumba vya nyuzi 20. Chumba kikizidi kwa nyuzi 12, prosesa nayo huzidi kwa kiasi kinachokaribia hapo, bila kasoro yoyote. Mashine inayofika 85 Kibiti ikifanya kazi nzito huenda ni ileile ambayo Ulaya ingeishia 73.

Kosa jingine ni kuwasha programu mbili au tatu pamoja ili zisaidiane. Chipu inayokusanya joto, mwendo wa feni na volteji husomwa kupitia njia moja nyembamba: programu huchagua kwanza ukurasa, kisha husoma thamani. Programu moja ya kupima, tuseme HWiNFO, ikishachagua ukurasa wake, halafu programu nyingine ambayo haijaafikiana nayo kupokezana zamu ikaingia katikati na kugeuza ukurasa, thamani inayosomwa ni ya kitu kingine kabisa. Feni huonekana imesimama ghafla, au joto huruka na kurudi. Historia ya delta ya Rufiji ina tukio linaloeleza jambo hili vizuri. Julai 1915, Waingereza walileta meli mbili, Severn na Mersey, kuipiga manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha nyuma ya mikoko. Wapiga mizinga hawakuiona shabaha. Ndege zilizoruka kutoka Mafia ndizo zilizowatumia masahihisho kwa redio. Tarehe 6 meli zote mbili zilifyatua, na mwangalizi angani akatatizika kujua kombora lipi limetoka wapi. Shambulio likashindwa. Tarehe 11 waliamua meli moja ifyatue kwa wakati mmoja, masahihisho yakaeleweka, na siku hiyohiyo Königsberg ikafikia mwisho wake. Fundi anayetaka kujua programu ipi inasema kweli azifunge zote, awashe moja, aandike, aifunge, ndipo awashe ya pili.

Programu za kupima kasi zina matatizo yake, na hapa udanganyifu wakati mwingine umekuwa wa kukusudia. Mwaka 2013 wachunguzi wa AnandTech walionyesha kuwa aina moja ya Samsung Galaxy S4 ilizitambua programu fulani za majaribio na kuipandisha chipu ya picha kutoka megahezi 480 hadi 532, kasi ambayo programu za kawaida hazikuipata. Mwaka huohuo mtandao wa HWBOT, unaotunza rekodi za kasi, ulisitisha kupokea matokeo ya Windows 8, baada ya kuonekana kwamba saa ya mfumo huo ingeweza kukimbia au kuchelewa mtu anapobadilisha mwendo wa msingi wa prosesa. Saa ikichelewa, kazi huonekana imekwisha upesi. Huku kwetu sababu huwa za kawaida zaidi: laptopu imepimwa ikitumia betri, chaja iliyounganishwa ina wati pungufu, au jaribio limerudiwa mara tatu mfululizo hadi mashine ikachemka na kujipunguzia kasi. Tokeo moja halitoshi kusema mashine ni mbovu. Lirudiwe ikiwa kwenye umeme, ikiwa imepoa, na mwendo wa prosesa ukitazamwa muda wote.

Fundi mzoefu atapinga kwamba mkono wake unatosha: akigusa tundu la hewa anajua. Namkubalia nusu. Mkono ni shahidi mzuri kwa kuwa hautegemei programu, na hewa ya uvuguvugu tu wakati programu inadai nyuzi 98 humwambia jambo muhimu, ama programu imekosea ama joto halihami kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye bamba la kupozea. Lakini kuchagua kati ya hayo mawili mkono hauwezi. Mwingine atauliza, kama programu hizi hukosea hivi, kwa nini tusiziache? Kwa sababu makosa yake yana sura zinazotambulika: namba isiyobadilika, namba iliyo chini ya joto la chumba, namba inayoruka bila sababu. Programu ikisema waya wa volti 12 una volti 8 wakati mashine inaendelea kufanya kazi vizuri, mita ya fundi itamaliza ubishi kwa dakika moja. Kiwango kinachoruhusiwa ni kati ya 11.4 na 12.6.

Lipo pingamizi zito kuliko hayo, la usalama. Programu hizi husoma vihisi kwa kutumia draiva inayoingia ndani kabisa ya mfumo. Mojawapo, WinRing0, imetumiwa na programu nyingi za bure, na mwaka 2025 Windows Defender ilianza kuizuia kwa sababu ina udhaifu unaoweza kutumiwa na wadukuzi. Tangu hapo baadhi ya watu wameona programu zao zikikataa kusoma joto na wakadhani vihisi vimekufa. Dawa yake si kuzima kinga ya Windows, hata kama video fulani inashauri hivyo. Pakua toleo jipya kutoka kwa mtunzi mwenyewe, au soma joto kwenye BIOS.

Yapo pia ambayo hakuna programu itakayoyaona. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto huuhuu wa Rufiji lina uwezo wa kuzalisha megawati 2,115, lakini volteji inayofika kwenye soketi ya nyumba iliyo mwisho wa laini ni jambo jingine, na kompyuta haina kihisi cha kuipima ukutani. Ukielekea Nyamisati na visiwa vya delta, hewa ya chumvi hula viunganishi vya ramu na mihimili ya feni kimyakimya. Mashine inayoganda huko ilhali joto ni la kawaida ifunguliwe na itazamwe kutu.

Onyo moja tu ningelitii kabla ya kulihoji, nalo ni la diski. Programu kama CrystalDiskInfo ikionyesha kwamba sekta zilizohamishwa au zinazosubiri kuhamishwa zinaongezeka wiki hadi wiki, matokeo ya wanafunzi na hesabu za kikoba zinakiliwe siku hiyohiyo kwenye diski nyingine. Kuichunguza programu kunaweza kusubiri kesho yake.