Kinyonga Mgeni: Jinsi ya Kumpokea na Kumshika

Tangu Chama cha Sayansi kilipopata kinyonga nimeulizwa maswali mengi bwaloni na mabwenini, mengine ya kuchekesha na mengine ya maana, nami nimeona ni vema niyajibu yote mahali pamoja. Tena iko sababu nyingine. Sisi wa Kidato cha Nne tutafanya mtihani wetu Novemba, na kuanzia Jumatatu ijayo ufunguo wa chumba cha wanyama utakuwa mikononi mwa ndugu zetu wa Kidato cha Tatu. Kinyonga huyu si mali yetu. Tulimpata kwa kibali cha afisa wa wanyamapori, ambaye wazee wa hapa bado humwita Bwana Nyama, na kibali chasema kwamba shule ikifungwa Desemba arudishwe hai kwenye ua wa shamba alikotolewa. Akifa, hatutapewa mwingine. Vinyonga wawili waliofugwa humu kabla yetu walikufa wote kabla ya kutimiza siku kumi.

Habari ya kibali nimeitaja makusudi. Chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haifai mtu kwenda porini akakamata mnyama amtakaye na kumweka sandukuni. Zamani vinyonga wengi wa Tanzania walikuwa wakiuzwa ng'ambo, mpaka mwaka 2016 Serikali iliposimamisha kusafirisha wanyama hai nje ya nchi. Kwa hiyo mwenye kutaka kinyonga na aende kwanza ofisini, asiende kichakani.

Wako duniani vinyonga wa aina zaidi ya 200, na karibu nusu yao hukaa Bukini, yaani Madagaska. Wetu ni yule wa kawaida aonekanaye sehemu nyingi za nchi yetu, mwenye vipande viwili vya ngozi nyuma ya kichwa kama masikio makubwa. Wataalamu humwita Chamaeleo dilepis. Ni jike, tulimtambua kwa sababu dume huwa na kikucha kidogo nyuma ya mguu wa nyuma, kama kipi cha jogoo, na huyu hana. Tumempa jina la Bi. Taratibu.

Sasa nitasema jambo ambalo naliona ni kubwa kuliko yote. Mbwa akiogopa hukimbia au hubweka. Kuku hupiga kelele. Kinyonga akiogopa husimama, au huenda mwendo wake ule ule, na watu wakaona ni mpole na amekubali. Hawezi kukimbia, basi hujificha kwa kutulia. Miguu yake imeumbwa kwa kushika tawi: vidole vya mguu wa mbele vimeungana vitatu upande wa ndani na viwili upande wa nje, na vya mguu wa nyuma ni viwili ndani na vitatu nje, kama koleo. Tena macho yake huzunguka kila moja kwa njia yake, hata aweza kutazama mbele na nyuma kwa wakati mmoja. Fikirini basi mnyama kama huyo akiwekwa mezani katikati ya chumba, wanafunzi thelathini wamemzunguka. Kila upande aangaliapo aona uso. Hana pa kukimbilia wala jani la kujifunika. Hali, hanywi, na watu husema, "Ametulia." Nadhani wale wawili wa kwanza walikufa hivyo.

Kwa hiyo kazi ya siku za kwanza ni kumwacha. Nyumba yake iwe tayari kabla hajaja. Yetu ilitengenezwa na fundi seremala wa shule kwa mbao na wavu wa madirishani, kwenda juu sentimeta 120 na upana sentimeta 60. Kinyonga hutaka urefu wa kupanda kuliko uwanja wa kutembea. Sanduku la kioo halifai hata kidogo, kwa maana hewa hukaa ndani ikaoza, na tena kinyonga aweza kujiona kiooni akadhani adui yake amesimama mbele yake. Ndani tulitia matawi ya mpera, mengine membamba na mengine manene, yamepitishwa huku na huku, pamoja na vyungu viwili vya mimea yenye majani mengi. Kipimo changu ni hiki: ukifungua mlango na kumwona mara moja, majani hayatoshi. Nyumba iliwekwa juu ya kabati, maana kinyonga akiwa juu ya vichwa vya watu hutulia upesi zaidi, na pande tatu zikafunikwa kwa shuka kuukuu. Kwa siku kumi na nne aliingia mtu mmoja tu, asubuhi na jioni, akafanya kazi yake na kutoka. Wenzangu walinung'unika sana. Mmoja aliniuliza kama tumeleta kinyonga au tumeleta kabati.

Alikunywa asubuhi ya siku ya pili. Hakula mpaka siku ya tano. Wanaompokea mnyama wa namna hii wasifadhaike akikataa chakula siku chache za mwanzo. Lakini maji ni jambo jingine, na hapo ndipo wengi hupotea. Kinyonga hajui maji yaliyo ndani ya bakuli. Porini hunywa umande na matone ya mvua juu ya majani, basi bakuli likijaa hata pomoni, aweza kukauka kando yake. Yapasa kunyunyizia majani asubuhi na jioni mpaka yadondoke. Sisi tuliongeza kopo lililotobolewa kwa ncha ya msumari, likawekwa juu ya paa la wavu, likidondosha tone moja moja juu ya jani, na chini tukaweka beseni. Akiona tone linameremeta husogea, hulikodolea jicho moja, kisha hulilamba. Dalili za kiu ni mbili: macho kuingia ndani, na ile sehemu nyeupe ya kinyesi chake kuwa ya manjano au rangi ya chungwa. Ndugu wa Kidato cha Tatu, kinyesi hicho kitazameni kila siku, wala msione haya.

Chakula chake ni wadudu walio hai: panzi, nyenje, nzi. Mdudu asizidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho yake. Tumewakataza wadogo zetu kuleta wadudu wa bustani ya mboga, kwa sababu hupigwa dawa. Wa uwanja wa mpira ndio wazuri. Panzi tuliwapa kwanza karoti na majani mabichi kutwa nzima, ili aliye ndani ya panzi naye ashibe, kisha tuliwapaka unga wa maganda ya mayai yaliyotwangwa sana, kwa ajili ya mifupa. Nyenje waliobaki jioni waondolewe, maana usiku humtafuna kinyonga akiwa amelala.

Unga huo peke yake hautoshi. Mwili hauwezi kutumia chokaa bila vitamini D, na vitamini hiyo hutengenezwa ngozini kwa miale ya jua isiyoonekana kwa macho. Kioo cha dirisha huizuia miale hiyo. Basi kumweka dirishani na kudhani ameota jua ni kazi bure. Mifupa yake italainika na miguu kupinda. Nyumba yetu hutolewa nje kila asubuhi kwa saa mbili, nusu yake juani na nusu kivulini, na mlinzi hukaa karibu kwa sababu ya mwewe na paka wa jikoni. Akipauka na kuacha kinywa wazi, amepata joto kupita kiasi. Arudishwe kivulini mara moja.

Watu wengi huniuliza habari ya rangi, na wengi huamini kwamba hugeuka kufuata kitu alichokalia. Mwanafunzi mmoja alitaka tumweke juu ya bendera ya bweni lake tuone. Si hivyo. Rangi yake hufuata zaidi joto, mwanga na hali ya moyo wake. Mwaka 2015 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Geneva, Uswisi, walieleza walivyochunguza aina moja ya kinyonga wa Madagaska: ndani ya ngozi mna chembe ndogo mno za fuwele, naye huzisogeza zikakaribiana au kuachana, na mwanga unaorudishwa hubadilika rangi. Kwa mtunzaji, rangi ni kama kipimajoto cha daktari. Bi. Taratibu akitulia huwa kijani kibichi. Asubuhi ya baridi huwa mweusi-mweusi upande unaoelekea jua, maana weusi hunywa joto, na hapo si hasira. Lakini akiwa mweusi wakati wa mchana wenye joto, akajitanua ubavu, akainua masikio yake ya ngozi na kufumbua kinywa chenye rangi ya chungwa huku akifoka, basi asema waziwazi, "Nenda zako." Usiku hupauka sana, hata akimulikwa tochi huonekana kama jani kavu jeupe. Asiamshwe.

Tufike kwenye kumshika. Mimi sikumshika mpaka wiki ya tatu, na hata sasa huwa ni pale tunaposafisha nyumba au kumpima uzito tu. Kwanza nawa mikono kwa sabuni na kuisuuza vizuri. Usimshike kutoka juu, kwa kuwa mkono ushukao kutoka juu ni mwewe. Usimvute kutoka tawini. Atashikilia kwa makucha, nawe utamwumiza vidole. Usimkamate mkia, maana mkia wa kinyonga si kama wa mjusi, ukikatika hauoti tena. Weka mkono wako wazi mbele yake, juu kidogo ya tawi alilosimama, kisha ngoja. Kinyonga hupenda kupanda. Ataunyosha mguu mmoja, atatikisika mbele na nyuma kama jani lipepeapo, atafikiri. Huku kufikiri kwaweza kuchukua dakika tano, na mwenye haraka yampasa aende zake akafue nguo. Akikawia mno, mguse kidogo chini ya mkia kwa kidole cha mkono wa pili. Akifoka, acha, kesho ipo. Akipanda mkononi, keti chini, usitembee naye ukiwa umesimama, kwa sababu akianguka kutoka kifuani mwa mtu aweza kuvunjika mbavu. Dakika chache zatosha. Kisha umpe tawi lake kwa njia ile ile, nawe ukanawe mikono tena, kwa maana wanyama wa jamii hii huweza kubeba vijidudu vya kuharisha bila wao wenyewe kuugua.

Je, huuma? Akibanwa sana ataweza kubana kidole, lakini hana sumu yoyote. Nalisema hili kwa ajili ya mzee wetu mlinzi, ambaye kwa miezi miwili alizunguka nyuma ya jengo ili asipite mbele ya dirisha. Sikumcheka, maana hata nyumbani kwetu nilifundishwa kumwogopa. Ninalolikataa ni lile la watoto kumtilia kinyonga ugoro mdomoni ili waone atakavyobadilika. Abadilikavyo ni kwamba afa, na polepole. Mlinzi sasa ndiye akaaye naye juani asubuhi. Hajamgusa, ila juzi alinionyesha namna ulimi utokavyo, akanena kwamba hajapata kuona fundi wa mshale kama yule. Nami nilimweleza kuhusu kinyonga mdogo wa milima ya Usambara aitwaye Rhampholeon spinosus, ambaye ulimi wake ulipimwa na mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, na habari zake zikachapwa mwaka 2016: mchapuko wake ni mara 264 ya ule wa jiwe linaloanguka. Wanaosoma Fizikia na wafanye hesabu wenyewe.

Limebaki jambo moja ambalo linanitia wasiwasi. Wiki hii Bi. Taratibu amenenepa ubavuni, na mara mbili nimemkuta sakafuni mwa nyumba yake akitembea huku na huku. Huenda ana mayai. Jike wa aina hii hushuka ardhini, huchimba shimo, na kutaga mayai 25 hadi 50, kisha huyafukia na kwenda zake. Asipopata udongo unaomfaa huyazuia tumboni, na aweza kufa. Kwa hiyo jana tumeingiza ndoo ya mchanga uliochanganywa na udongo, kina chake sentimeta 30, umeloweshwa kiasi cha shimo kutobomoka. Akianza kuchimba, shuka zirudishwe pande zote, asiingie mtu yeyote, hata mwalimu, mpaka amalize kufukia. Kazi hiyo yaweza kuchukua siku nzima au zaidi. Atatoka amekonda na ana kiu kali, basi siku hiyo kopo la matone lisikauke, na panzi waongezwe. Mayai yasipinduliwe wala kuhesabiwa. Huweza kukaa udongoni karibu mwaka mzima kabla ya kuanguliwa, basi ndoo ihamishwe taratibu mpaka kwenye ua wa shamba, mchanga wote utolewe kwa kijiko mahali penye kivuli, na kila yai liwekwe kama lilivyokuwa. Bwana Nyama amekwisha kuarifiwa. Ufunguo uko kwa mwalimu wa Biolojia, na daftari la maji na uzito limetundikwa nyuma ya mlango.